Joho, Kilemba na Kaniki: Mavazi ya Wenye Enzi Yalivyosomwa Wesha, Pemba

Wesha ni bandari ya mji wa Chake Chake, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, nayo ilipata cheo hicho kwa sababu nyepesi kufahamika: mkono wa bahari uingiao hata chini ya mji hukauka maji yapwapo, mashua zikalala ubavu topeni katikati ya mikoko, ilhali kina cha Wesha hustahimili vyombo vizito. Kwa hiyo mwenye kwenda Chake Chake kwa chombo kikubwa, akiwa liwali aliyetumwa na serikali, au kadhi, au tajiri wa karafuu, alikanyaga nchi hapo kwanza. Na waliosimama pwani, wachukuzi na wavuvi na wenye maduka, walikuwa na wasaa wa kumtazama tangu akiwa katika mashua, kabla sauti yake haijawafikia. Walitazama kichwani kama pana kilemba au kofia tupu, na kilemba chenyewe kimepigwa namna gani, walitazama mabegani kama pana joho, na kiunoni kama pana jambia, na ala yake ni ya fedha au ya ngozi, wakamalizia miguuni. Alipofika nchi kavu walikwisha kujua wamsalimu vipi, nani atangulie kumpa mkono na nani abaki nyuma.

Elimu hiyo ya kusoma mavazi haikuzaliwa Wesha wala haikuzaliwa juzi. Dola za pwani yetu, kabla hazijawa na gazeti la serikali wala redio, ziliutumia mwili wa mfalme kuwa ndio tangazo, na kila kitambaa kilichouvika kilikuwa na maana iliyofahamika kwa asiyejua kusoma herufi hata moja. Watu wengi husimulia habari hizi kwa kuhesabu hariri na zari, kana kwamba enzi ilikuwa ni wingi wa mali tu. Mimi naona kwamba nguvu ya vazi la mfalme ilikaa zaidi katika makatazo: mfalme alijulikana kwa yale waliyonyimwa wengine kuvaa, na siku makatazo yalipoondoka, vazi lake lilibaki na uzuri wote likapungukiwa na amri.

Ukisimama Wesha ukaelekea kaskazini, ng'ambo ya ghuba, waiona rasi ya Mkumbuu imejinyosha baharini, na kule mwishoni pana magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, mabaki ya mji uliositawi karne nyingi kabla ya Mreno kuijua njia ya Bahari ya Hindi. Waliokaa humo hawakutuachia maandishi ya kueleza walivyovaa. Lakini Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, amezitaja Pemba, Unguja na Mafia kwa pamoja, akasema kwamba wafalme wa visiwa hivyo waliishi kwa anasa, wakivaa nguo nzuri za hariri na za pamba walizozinunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Kambaya katika nchi ya Gujarati, na kwamba wanawake wao walijipamba kwa dhahabu ya Sofala na kwa fedha nyingi, herini masikioni, mikufu shingoni na bangili mikononi. Msomaji azingatie njia ya vitu hivyo: kitambaa kimevuka bahari kutoka mashariki, dhahabu imepanda pwani kutoka kusini, na vyote viwili vimekutana juu ya mwili mmoja katika kisiwa kidogo. Raia aliyemwona mfalme wake amevaa hivyo hakuhitaji kuelezwa kwamba huyu ndiye ajuaye lini majahazi yanafika na nani mwenye ruhusa ya kuyapokea.

Jirani za Pemba walikuwa na lugha hiyo hiyo ya mavazi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa mji alimjia kwa chombo amevaa joho la hariri lililotiwa taraza za atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani, ameketi juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Ubavuni mwake mzee mmoja akichukua upanga ulio katika ala ya fedha, na mbele yake siwa mbili za pembe ya ndovu, kila moja urefu wa mtu, zikipigwa kwa tundu la ubavuni. Wareno waliandika kila kitu, maana waliona wazi kwamba wanaambiwa jambo. Wao wenyewe walikuwa wamejaribu kusema kwa lugha hiyo katika kisiwa cha Msumbiji, majuma machache kabla, wakatoa kofia, majoho na marijani. Mwenye mji akavidharau vyote, akauliza kama wana nguo nyekundu ya skarlati, nao hawakuwa nayo. Hapo mgeni alidhihirisha uduni wake kabla hajanena.

Hata hivyo, dalili iliyo wazi kuliko zote imo katika safari ya Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Anasimulia kwamba huko Mogadishu, baada ya sala ya Ijumaa, Sultani alitoka msikitini amevaa joho la kijani kutoka Bait al-Maqdis na chini yake nguo za Misri, na juu ya kichwa chake zimebebwa hema nne za hariri, kila moja ina ndege wa dhahabu kileleni. Lakini kabla ya msafara kuondoka, Sultani alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi avae vyake, akamwamuru na mgeni avae vyake, kisha wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani, na watu wengine wote wakafuata miguu mitupu. Zile hema na ndege zilikuwa za kutazamwa kwa mbali. Viatu vilikuwa ndiyo hukumu yenyewe. Jozi tatu za viatu katikati ya umati ziligawa mji mzima mafungu mawili, na bila ya miguu mitupu ya wengi viatu vya watatu visingalikuwa na neno la kusema.

Desturi za namna hiyo ziliendelea pwani yote. Katika miji ya Mrima, pwani ya bara, diwani, yaani mkuu wa mji, alikuwa na haki ya kilemba na ya mtalawanda, yaani viatu vya mti, na haki ya kukaa juu ya kiti wengine wakiwa chini. Mwinyi Mkuu wa Unguja, ambaye wa mwisho katika silsila hiyo alifariki mwaka 1873, alikuwa na siwa na ngoma zake kuu ambazo haikujuzu kupigwa kwa mtu mwingine. Pemba nayo ilikuwa na madiwani wake, na wazee wakaendelea kusimulia ukali wa Mkama Ndume wa Pujini, ambaye yasemekana aliwalazimisha raia kusota chini kwa makalio huku wakichukua mawe ya kujengea. Kisa hicho, kiwe cha kweli au cha kutungwa, kinasema habari ya enzi kwa namna ile ile: hata namna ya kwenda na ya kukaa iliweza kukatazwa au kulazimishwa na mtawala.

Mnamo mwaka 1823 Pemba ilitoka mikononi mwa Mazrui wa Mombasa, ikaingia katika dola ya Seyyid Said bin Sultan wa Omani, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Al-Busaidi, yaani watu wa ukoo wake, walikuja na mavazi yaliyosema kwa sauti ya chini zaidi. Sharia ya Kiislamu humkataza mwanamume dhahabu na hariri, illa hariri kwa kiasi cha upana wa vidole viwili, vitatu au vinne. Na madhehebu ya Ibadhi, ambayo ndiyo ya nyumba hiyo ya kifalme, yamesifika kwa kupenda kiasi na kuchukia majivuno. Basi mfalme aliyetawala tangu Maskati hata mwambao wa Afrika alivaa kanzu nyeupe ambayo kwa mbali haikupambanuka sana na ya raia wake muungwana. Tofauti ilihamia pembeni: katika taraza ya joho, katika mpini na ala ya jambia, na katika kilemba cha rangi za ukoo, kilichopigwa kwa namna ambayo mtu asiye wa nyumba hiyo hakuthubutu kuiiga. Msomaji asidhani kwamba hali hiyo ilikuwa unyonge. Mfalme mwenye kujipamba kila mahali hutazamwa na kila mtu. Mfalme ambaye enzi yake imeandikwa katika upana wa vidole vinne humlazimisha mtazamaji kusogea, kuchungua na kujifunza, na mwenye kujifunza hivyo amekwisha kutii.

Wanawake wa nyumba ya kifalme walikuwa na kanuni zao. Seyyida Salme, binti Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza suruali na kanzu za hariri, mapambo ya dhahabu, na barakoa iliyowafunika uso mabibi wa daraja ya juu, iliyoshonwa kwa nguo nyeusi na kutiwa nakshi za zari. Ameeleza pia kwamba mabibi walipotoka usiku walitanguliwa na watumwa wenye silaha za thamani na taa kubwa kubwa. Watu wa mjini, ambao hawakuruhusiwa kumwona bibi uso wake, walijua daraja yake kwa taa zake na kwa mavazi ya watumwa wake. Hapa pana jambo la kuangaliwa: mtumwa wa jumbani aweza kuwa amevaa vizuri kuliko mvuvi aliye huru, lakini nguo zile hazikumsemea yeye. Zilimsemea bwana wake.

Mtumwa wa shamba alikuwa na vazi lake jingine, na hapo ndipo Pemba inapoingia kati ya hadithi. Seyyid Said na matajiri wengine walipanda mikarafuu Unguja kwanza, na Pemba baadaye. Lakini tufani ya Aprili 1872 iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaipita Pemba kwa wepesi, na tangu siku hizo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Watu wengi wa bara waliletwa utumwani kuzichuma. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande cha amerikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Salem huko Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833, au kaniki iliyotiwa rangi ya nili ikawa karibu na nyeusi. Aliifunga chini ya makwapa, mabega wazi. Mwanamume alipiga winda. Viatu vilikuwa marufuku kwao, na kufunika kichwa mbele ya mabwana kulihesabiwa utovu wa adabu, kwa kuwa kilemba, kofia, shela na makubadhi vilikuwa alama za uungwana. Kwa hiyo kila asubuhi, shambani na bandarini, watu maelfu walivaa tangazo la dola juu ya miili yao bila ya kuulizwa. Joho la Seyyid pale Unguja na kaniki ya mchumaji wa karafuu huku Pemba vilikuwa maneno mawili ya sentensi moja, na neno la kwanza halikufahamika ila kwa la pili.

Tangu mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na katika baraza za kifalme zikaanza kusikika lugha mbili za mavazi: huku joho, kilemba na jambia, huku sare nyeupe, kofia ngumu na vifungo vya shaba. Seyyid Barghash, aliyekuwa mfalme kabla ya himaya hiyo, alikuwa ametangulia kuifahamu lugha hiyo ya pili. Mwaka 1875, mwaka ule aliozuru London, aliasisi Nishani ya Nyota Ing'arayo ya Zanzibar, akawavisha wageni alama ya dola yake kama wao walivyozoea kuwavisha wafalme wa mashariki alama za dola zao. Vazi la heshima kutolewa na mkubwa kupewa mdogo ni desturi kongwe katika nchi za Kiislamu. Barghash aliichukua nishani, iliyo desturi ya Ulaya, akaifanya ifanye kazi ile ile.

Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya mwaka mmoja baada ya mizinga ya Waingereza kulivunja jumba la kifalme na kumtoa Seyyid Khalid bin Barghash, Seyyid Hamoud bin Muhammed alitia sahihi amri ya kufuta hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba. Amri yenyewe ilikuwa na mipaka: mtumwa ilimpasa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Katika mwaka huo huo wa 1897 Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki waliweka kituo Banani, karibu na Chake Chake, kuwasaidia walioachwa huru. Hamoud alitunukiwa nishani na Malkia Victoria kwa amri hiyo, akaivaa juu ya joho. Ajabu ya mambo ni kwamba sahihi iliyomwongezea mfalme pambo jipya kifuani ndiyo iliyoondoa lile katazo lililoyapa maana mapambo yake yote.

Waliokuwa watumwa hawakungoja kufundishwa la kufanya. Miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyashughulikia ni nguo. Mwanamke aliyechuma karafuu akalipwa kwa pishi aliiweka kando kaniki, akanunua kanga: doti nzima, kipande cha kujifunga na kipande cha kujitanda, mabega na kichwa vikafunikwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Nguo ziliingia kwa majahazi na meli, karafuu zikatoka kwa njia hiyo hiyo, na bandari za Pemba, Wesha ikiwa mojawapo, zikawa ni milango ambayo kwa upande mmoja hupita jasho la mchumaji na kwa upande wa pili hurudi heshima yake. Kanga ilikuwa na maajabu mengine. Iliandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kizungu. Na huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa pwani nzima kwa kanga zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Mtu ambaye jana alisomwa na wengine leo amevaa maneno aliyoyachagua mwenyewe, akampelekea jirani, mume au mke mwenza ujumbe usiojibika mahakamani. Hatimaye buibui jeusi likaingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 20, likavaliwa na bibi wa ukoo na mjukuu wa mtumwa, hata mtazamaji wa njiani asiweze tena kuhukumu nasaba kwa jicho.

Wapo walioona uchungu kwa mabadiliko hayo. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu, mzaliwa wa Fumba katika nyumba ya watu wanyonge, alitungiwa wimbo wa kejeli na wapinzani wake, wakimkumbusha kaniki alizotoka nazo shamba. Kejeli hiyo yaonyesha kwamba katazo lilikuwa limekwisha kufa katika sheria, likabaki hai ndimini. Naye hakujibu kwa kuirudia kaniki wala kwa kuikana. Aliendelea kuimba, akaalikwa mpaka kwenye jumba la Seyyid, na sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Katika jumba ambalo zamani mtumwa aliingia kwa vazi alilopewa na bwana wake, binti huyo aliingia kwa vazi lake.

Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, aliufahamu wakati wake. Mtangulizi wake, Seyyid Ali bin Hamoud, alisoma Harrow, akayazoea mambo ya Ulaya, akajiuzulu na kubaki huko. Khalifa alishikamana na kilemba na joho miaka yote 49, hata London mwaka 1953 katika sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth II. Tangu mwaka 1896, ilipochapwa sura ya Seyyid Hamed bin Thuwaini, stampu za Zanzibar zilichukua sura ya mfalme na kilemba chake, na Khalifa naye akatokea katika stampu za mwaka 1913. Hivyo barua iliyotoka Chake Chake kwenda Bombay au Maskati ilibeba kilemba cha kifalme kwa bei ya senti chache. Lakini jambo hilo lenyewe latosha kutuonyesha ukubwa wa mabadiliko. Kilemba cha mababu zake kiliogopwa kwa sababu wachache walikiona na hakuna aliyeweza kukiiga. Cha Khalifa kilipendwa kwa sababu kila mtu alikiona, akakilamba nyuma, akakibandika. Mapenzi ya raia kwake hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa mapenzi ya mtu kwa mzee wa nyumba, na mzee huyo serikali yake ilikuwa mikononi mwa wengine.

Tarehe 12 Januari 1964 ufalme ulipinduliwa, na viongozi wapya wakajitokeza kwa mashati, suti na sare za kijeshi. Joho halikufa kwa kuondoka mfalme. Lilikwisha kuhamia zamani katika nyumba za raia: mabegani mwa masheikh na makadhi, na zaidi ya hao mabegani mwa bwana harusi, ambaye katika Wesha au Chake Chake, akiwa mtoto wa mvuvi au wa mchumaji wa karafuu, hutoka siku yake kwa kanzu, joho lenye taraza, kilemba, na jambia au upanga, na watu humpisha njia kama walivyompisha liwali. Mjukuu wa aliyekatazwa kilemba akivaa kilemba hafanyi mzaha wala haombi ruhusa. Anavaa kilichokuwa chake tangu siku katazo lilipoondolewa, na vazi hilo sasa linasema neno lililo kinyume cha lile la zamani, kwamba daraja hii yaweza kumfikia kila mtu.

Kwa hiyo mwenye kuchungua enzi za visiwa hivi kwa kutazama picha za zamani za masultani asiridhike na kifua chenye nishani kilicho katikati ya picha. Atazame na ukingoni, waliposimama wachukuzi na watumishi, aangalie nani ana viatu na nani hana, nani amefunika kichwa na nani hakufunika; maana huko ndiko dola ilikoandikwa, na dola iwayo yote, yenye mfalme au isiyo na mfalme, hupimwa kwa yale inayowakataza watu wake wadogo kabla ya kupimwa kwa yale inayowavisha wakubwa.